Zebaki, umri au pombe: nani anautetemesha mkono?

Kwa mchenjuaji wa Saza, wilayani Songwe, zebaki ni kitendea kazi kama lilivyo karai. Mawe husagwa kwenye karasha, unga huoshwa mwaloni, zebaki hukamata dhahabu, kisha donge huchomwa. Mvuke humwingia aliye karibu.

Mwanasaikolojia anayetaka kujua kama mvuke huo unaharibu kumbukumbu na utulivu wa mkono hawezi kuwagawa watu kwa kura, hawa wauvute, wale wasiuvute. Atawapima kama walivyo. Mwaka 2003, mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki ulifanya hivyo Rwamagasa, Geita: ulipima damu, mkojo na nywele, ukaongeza majaribio mepesi. Mtu aliwekewa njiti 20 za kiberiti, nusu kila upande wa kisanduku, azirudishe ndani kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, hivyo hivyo hadi ziishe, huku saa ikihesabu. Au agonge nukta kwa penseli, nyingi awezavyo, kwa sekunde 10. Wakazi wa Katoro wasiochimba walipimwa pia ili kulinganisha.

Tuseme mwenye zebaki nyingi mwilini anachelewa kumaliza njiti. Lakini huenda pia ni mtu mzima zaidi, anakunywa, au hakumaliza shule. Uchambuzi wa vigeu vingi huyatia yote hayo katika mlinganyo mmoja: kwa watu wa umri mmoja, unywaji mmoja na elimu moja, je, zebaki bado inaambatana na kuchelewa? Uhusiano ukibaki, tuhuma dhidi ya zebaki zimepata nguvu, ingawa bado si hukumu. Ukitoweka, tutazame kwingine.

Wengi hudhani kwamba vigeu vikiongezwa, ukweli unakaribia. Sikubaliani. Mtego wa kwanza ni kwamba umri na miaka ya uchimbaji hupanda pamoja: aliyeingia machimboni akiwa kijana na sasa ana miaka 50 amebeba vyote viwili. Ili vitenganishwe, lazima wawepo mzee aliyekuja machimboni majuzi na kijana aliyekulia humo. Wasipokuwemo, kompyuta itatoa namba vilevile (haina aibu), na ukiwaondoa watu wawili tu namba hiyo inaweza kugeuka.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu unafanana na umakini. Zebaki huvuruga usingizi. Mtafiti akiingiza usingizi mbovu kwenye mlinganyo "ili kuudhibiti", amefuta kwa mkono wake sehemu ya madhara aliyokuja kuyatafuta. Programu haiwezi kumwonya; anayejua mwili na kazi ya machimboni ndiye anayejua kipi kilitangulia.

Ndiyo maana nikipewa ripoti ya namna hii, kabla ya majedwali natafuta maelezo ya namna watu walivyopatikana. Timu iliyowapima waliokutwa mwaloni asubuhi imewapima wenye nguvu ya kufika mwaloni. Aliyeumwa sana pengine alisharudi kwao Mbozi au Ileje, na hakuna mlinganyo unaomhesabu mtu ambaye hakuandikwa.