Chambo, Chubwi na Chembe: Istilahi za Kuvulia Trauti wa Ziwa

Mfasiri akabidhiwapo maelezo ya uvuvi wa ndoana kutoka Kanada au Marekani, aghalabu hulalamika kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Katika makala haya tumechagua mfano ulio mbali kabisa na pwani yetu, yaani uvuvi wa trauti wa ziwa, ili tuonyeshe kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo wavuvi wetu wanayo tangu zamani. Lililo gumu ni kuyatumia kwa uangalifu.

Tuanze na samaki mwenyewe. Huyu huishi katika maziwa ya Amerika ya Kaskazini yenye kina kirefu na maji baridi, kama vile Superior, Ontario na Great Bear. Trauti aliyeletwa Kenya mwaka 1905 na kutiwa katika mto Gura ni wa jenasi ya Salmo, lakini huyu ni wa jenasi ya Salvelinus. Kwa hiyo neno "trauti" peke yake halitoshi. Hapana budi tuseme "trauti wa ziwa", na maneno hayo yachukuliwe kuwa jina moja.

Istilahi ya pili ni chambo. Kwa mvuvi wetu chambo ni kitu cha kuliwa: kipande cha ngisi, dagaa au kamba. Kitu cha chuma, cha mti au cha plastiki kinachomhadaa samaki kwa mng'aro na mwendo wake twapendekeza kiitwe "chambo bandia". Tofauti hii si ya urembo wa lugha. Katika hifadhi ya Algonquin, huko Ontario, ni marufuku kutumia samaki hai kuwa chambo, kwa kuwa akiponyoka huenda akaingiza ziwani aina ngeni ya samaki. Chambo bandia hakina hatari hiyo. Mfasiri akiandika "chambo" tu mahali pote, msomaji wake anaweza kuvunja sheria huku akidhani anaitii.

Chambo bandia kinachotumika sana ni kibati cha madini kilichobonyea kama kijiko kisicho na mpini. Husimuliwa kwamba Mmarekani Julio Buel alidondosha kijiko ziwani, akaona samaki akikirukia; naye alipata hataza ya chambo cha namna hiyo mwaka 1852. Twapendekeza "chambo-kijiko", maana agizo la "kufunga kijiko kwenye mshipi" litamchekesha msomaji kabla ya kumfundisha. Katika kukichagua, mvuvi huangalia chakula cha samaki huyo, ambacho aghalabu ni samaki wadogo wa rangi ya fedha. Kwa hiyo rangi ya fedha na nyeupe hufaa. Nyekundu haina faida kubwa vilindini, kwa sababu ndiyo rangi inayofifia mapema katika maji.

Namna ya kukifunga hutegemea majira. Trauti wa ziwa hupenda maji ya karibu nyuzi 10 za sentigredi. Barafu inapoyeyuka hupatikana karibu na uso wa maji, lakini wakati wa joto huteremka vilindini, na chambo sharti kimfuate. Hapo hutumika pete ya njia tatu. Tundu la kwanza hufungwa mshipi unaotoka kwenye ufito. La pili hufungwa uzi mfupi wenye chubwi, yaani risasi ya kuzamishia. Na la tatu hufungwa uzi mrefu zaidi wenye chambo-kijiko. Pete hiyo huzunguka, hivyo mshipi hausokoteki. Kisha chombo huenda polepole kikiukokota mshipi nyuma yake. Kazi hiyo wavuvi wa pwani huiita kurambaza, na hatuoni sababu ya kutafuta neno jingine.

Kuna chombo kimoja ambacho hatukukipatia jina katika msamiati wa pwani. Ni tufe zito, la kilo 4 au 5, linaloteremshwa kwa waya kutoka kwenye gurudumu lililofungwa ubavuni mwa mashua. Mshipi hubanwa kwenye kibanio karibu na tufe hilo. Samaki akimeza ndoana, mshipi huchomoka, naye huvutwa bila ule uzito. Chombo hiki kisiitwe chubwi, kwa kuwa chubwi hupanda pamoja na samaki. Twapendekeza "kizamishio".

Mwisho ni chembe, yaani ule mwiba mdogo unaoelekea nyuma karibu na ncha ya ndoana. Katika baadhi ya maji ya Kanada mvuvi hutakiwa kutumia ndoana zisizo na chembe, ili samaki anayerudishwa majini asiraruliwe kinywa. Akiandika mfasiri "ndoana isiyo na ncha", atakuwa amemwamuru mvuvi avue kwa kipande cha waya.

Yatokana na hayo kwamba, kati ya istilahi tulizozijadili, mshipi, ndoana, chambo, chubwi, chembe na kurambaza zilikuwapo tayari. Tuliyolazimika kuyaunda ni machache. Twawaomba wasomaji, hasa walio karibu na wavuvi wa bahari na wa maziwa yetu, watuletee majina wanayoyajua, kwanza la kile tulichokiita kizamishio. Neno lililokwisha kufanya kazi chomboni lina haki ya kutangulia lile lililoundwa mezani.