Jengo imara ni kazi ya wanaosikilizana

Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado mikononi mwa mafundi katikati ya Dar es Salaam, eneo la Kisutu, liliporomoka asubuhi na kuua watu 36. Miongoni mwa waliofukiwa walikuwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani na hapo. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jumba lililojengwa Zanzibar mwaka 1883 zama za Sultan Barghash, ilianguka wakati likifanyiwa matengenezo, na watu wawili wakafariki. Tarehe 16 Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, ambako jengo la maduka liliporomoka asubuhi ya Jumamosi na kuua watu zaidi ya 20.

Majengo hayo matatu hayafanani. La kwanza lilikuwa likijengwa, la pili lilikuwa la kale likihifadhiwa, la tatu lilikuwa likitumika kwa biashara. Kuhusu Kisutu iliripotiwa kwamba ghorofa zilizojengwa zilizidi zile zilizoruhusiwa. Kuhusu Kariakoo mashuhuda walieleza kwamba kulikuwa na kazi ya kupanua eneo la chini ya jengo. Tunayakumbusha haya kwa kuwa ujenzi si jambo la makampuni makubwa pekee. Karibu kila familia yetu inajenga, imejenga au inaweka akiba ya kujenga, na kila kamati ya msikiti ina chumba, ukuta au ghorofa inayosubiri michango.

Mambo matatu hutakiwa kwa pamoja katika kazi hiyo: jengo lidumu bila kuharibu ardhi na maji tutakayowaachia watoto wetu, lisimdhuru anayelijenga wala atakayelikaa, na wahusika wake wafanye kazi kwa kushauriana. Tunaona kwamba hili la tatu ndilo hubeba mawili yaliyotangulia.

Tuanze na kudumu. Utengenezaji wa saruji duniani huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Matofali ya kuchoma nayo hula kuni nyingi. Kwa hiyo kupunguza vitu hivi ni jambo jema, na njia zipo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihimiza matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine kutokana na udongo na saruji kidogo, bila kuchomwa. Wazee wetu wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, kuta zikawa nene na vyumba vikawa na ubaridi. Anayekarabati nyumba ya namna hiyo kwa plasta ya saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta, na ukuta huo huanza kuoza taratibu bila mwenyewe kujua.

Hata hivyo, kubana matumizi kuna mahali pake. Tubane kwenye ukubwa wa vyumba visivyo na wa kulala, kwenye mapambo, na kwenye mifuko ya saruji inayoharibika kwa kuwekwa juu ya sakafu yenye unyevu. Tusibane kwenye msingi, nguzo, bimu na slabu. Anayepunguza ringi za nondo ili kuokoa fedha, au anayetumia mchanga wa ufukweni kwa kuwa uko karibu, hajaokoa kitu, kwa sababu chumvi ya mchanga huo huzila nondo ndani ya zege. Vilevile, kuongeza ghorofa juu ya nyumba ya zamani huokoa ardhi na hupunguza gharama ya kiwanja kipya, lakini msingi uliopimwa kwa ajili ya nyumba ya chini haugeuki kuwa msingi wa ghorofa kwa sababu tu familia imeongezeka. Jengo likianguka, vyote vilivyotumika hugeuka kifusi, na waliopotea hawarudi.

Mafundi wana msemo kwamba zege halilali. Ni kweli kwamba likishakorogwa lazima limwagwe siku hiyohiyo. Lakini likishamwagwa linahitaji muda. Ndani ya siku 7 hupata takriban theluthi mbili ya nguvu yake, na kipimo cha nguvu yake iliyokusudiwa huchukuliwa likiwa na siku 28. Kulimwagilia maji katika siku hizo za mwanzo ni sehemu ya ujenzi. Kuongeza maji wakati wa kukoroga ili limwagike kirahisi ni jambo jingine kabisa, nalo hulidhoofisha. Na mirunda iliyo chini ya slabu isiondolewe kwa kuwa fundi anaihitaji kwenye kazi nyingine. Iondolewe kwa kauli ya mhandisi.

Hapa ndipo ushirikiano unapoingia. Mara nyingi anayeona kasoro mwanzo ni saidia fundi. Yeye ndiye anayehesabu ndoo za mchanga kwa kila mfuko, na ndiye anayejua nondo ya nguzo gani ilikatwa fupi. Lakini ni kibarua wa kutwa, na anachelea kukosa ujira wa kesho. Jirani naye huona ufa na kunyamaza asije akaitwa hasidi. Kwa hiyo mwenye jengo, anayelipa, ndiye mwenye uwezo wa kufungua vinywa. Akitangaza mbele ya wote siku ya kwanza kwamba atakayesimamisha kazi kwa sababu ya hatari hatakatwa posho, atakuwa amenunua usalama kwa bei ndogo kuliko mfuko mmoja wa saruji. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humbebesha mwajiri wajibu wa kuwalinda anaowaajiri. Wajibu huo haupungui kwa kuwa kazi ni ndogo.

Misikiti ina ugumu wake. Hujengwa kwa awamu, kamati hubadilika, na michoro hupotea pamoja na katibu aliyeitunza kabatini kwake. Miaka kumi baadaye kamati mpya huongeza mnara au ghorofa ya kina mama bila kujua nguzo zilifungwa nondo gani. Fedha hizo ni amana ya waumini, na maisha ya watakaoswali humo ni amana kubwa zaidi. Tunapendekeza kila msikiti, na kila familia, iwe na jalada moja la jengo lenye michoro, kibali, jina na namba ya usajili ya mhandisi na mkandarasi, tarehe ya kila zege lililomwagwa, na picha za nondo kabla hazijafunikwa. Nakala ya pili ihifadhiwe mahali pengine. Na siku za kujitolea, watoto wasipitishe ndoo za zege chini ya watu walio juu ya jukwaa. Wapewe kazi ya kugawa maji ya kunywa, mbali na jengo.

Tumezoea kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ujenzi, kuuziba ufa kwa plasta na rangi kunaweza kuwa kuuficha. Ufa ulio kwenye nguzo au bimu, au unaopanuka mwezi hadi mwezi, kwanza uitiwe mhandisi aliyesajiliwa. Akisema watu watoke ndani, watoke siku hiyohiyo, na gharama zijadiliwe wakiwa nje.