Mtoto Huanza na Chembe Moja

Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyo katika mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi, ilianzishwa mwaka 1926. Watu wengi mno waliokulia Kaloleni, Shauri Moyo, Bahati na Makadara walizaliwa humo. Kila mmoja wao, awe karani, fundi au mkulima aliyerudi shambani kwao, alianza uhai wake akiwa kitu kidogo kuliko nukta iliyo mwisho wa sentensi hii: chembe moja tu iliyo hai, ambayo wataalamu huiita seli.

Seli ndiyo sehemu ndogo kabisa ya mwili iliyo na uhai wake yenyewe. Hutumia chakula, hutoa takataka, na nyingi hugawanyika zikazaa nyingine. Mwingereza Robert Hooke ndiye aliyezipa jina hilo mwaka 1665, alipotazama kipande cha gome la mti kwa hadubini akaona vijumba vingi vilivyopangika. Viumbe vingine vina seli moja tu, kama kijidudu cha malaria. Lakini mwili wa mtu mzima una trilioni nyingi za seli.

Wingi peke yake haufanyi mwili, kama vile rundo la mawe lisivyokuwa nyumba. Yafaa kufikiri jinsi mitaa ya Nairobi ilivyojengwa. Vyumba hufanya nyumba, nyumba hufanya mtaa, na mitaa hufanya jiji. Tena kila mtaa ulikuwa na mpango wake: Muthurwa na Makongeni ilijengewa wafanyakazi wa reli, na Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulipewa ukumbi wake wa mikutano. Mwili nao ni hivyo hivyo. Seli za namna moja huungana zikawa tishu, kama vile msuli. Tishu mbalimbali hufanya ogani, kama vile moyo. Moyo, damu na mishipa hufanya mfumo mmoja, na mifumo yote pamoja ndiyo mtu.

Kila seli ina kazi yake. Seli nyekundu ya damu hubeba oksijeni kwa muda wa siku 120 hivi, kisha hufa na nyingine hushika zamu. Seli ya neva itokayo kwenye uti wa mgongo hadi mguuni yaweza kupata urefu wa meta moja. Hata hivyo zote mbili zimetokana na ile chembe moja ya mwanzo.

Chembe hiyo hugawanyika ikawa mbili, mbili zikawa nne, nne zikawa nane. Baada ya juma moja hivi, kifurushi hicho cha seli hujishikiza katika ukuta wa tumbo la uzazi. Katika juma la nne, moyo huwa umeanza kupiga. Wakati huo huo, tabaka la seli lililo mgongoni hujikunja, kingo zake zikakutana na kufanya mfereji, nao ndio utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Mfereji huo hauna budi kufungika kabla ya kupita siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Usipofungika, mtoto aweza kuzaliwa na mgongo wazi.

Shida ni kwamba siku hizo hupita upesi. Mama mwenyewe ndiyo kwanza ameona siku zake zimechelewa, na akina mama wengi hungoja mpaka tumbo lionekane ndipo waende kliniki. Hapo mfereji umekwisha kufungika, au haukufungika.

Seli haziwezi kugawanyika vema bila vitamini iitwayo asidi ya foliki. Utafiti uliotangazwa Uingereza mwaka 1991 ulihusu wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye ila hiyo. Wale waliopewa asidi ya foliki kabla ya mimba nyingine na katika miezi yake ya kwanza walipunguziwa hatari kwa karibu robo tatu. Nchini Kenya, tangu mwaka 2012, sheria imetaka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa pakitini utiwe vitamini hiyo. Lakini familia nyingi hupeleka mahindi yao kwenye mashine za mtaani, na unga huo kwa kawaida hautiwi kitu. Basi maharagwe, dengu na mboga za majani zisikose mezani, na mwanamke anayetazamia kupata mimba aulize kliniki habari za vidonge mapema, wala asingoje.

Mtoto mwenye mgongo wazi si laana, wala mama yake hastahili kulaumiwa, kwa maana vidonge hupunguza hatari hiyo lakini haviiondoi yote. Naye mume asidhani kwamba hayo ni mambo ya wanawake tu, maana chembe ya mwanzo hutokana na wazazi wawili. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu huzibwa katika majuma manne, kabla mtu yeyote hajaona kwamba nyumba inajengwa.