Wazee wa vita waulizwe habari za silaha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo sisi walimu tunalipuuza, nayo ni mazungumzo ya wazee wetu waliopigana Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979.

Huku mlimani, Kibosho, Uru na Old Moshi, wazee hao wakikutana kwenye mbege hawakawii kubishana kuhusu silaha. Mmoja husifu SMG, mwingine SAR, na aliyekuwa na cheo huitetea bastola yake. Vijana husikiliza na kucheka wakidhani ni maneno ya pombe. Kumbe ndani yake mna elimu.

SMG, ambayo wengine huiita AK, huchukua risasi 30 na hupiga moja moja au mfululizo. SAR huchukua 10, na kila risasi huhitaji kidole kifyatue upya. Zote mbili hutumia risasi ya aina moja, ya milimita 7.62. Anayependa SMG husema ni fupi, haimsumbui mtu anapopanda na kushuka gari, na huvumilia matope. Anayependa SAR hujibu kuwa mtutu wake mrefu husaidia kulenga, na kwamba mwenye risasi 10 hujifunza kutozitupa ovyo. Askari aliyetembea kwa miguu kutoka Mto Kagera, akapita mabwawa ya Lukaya mwezi Machi 1979, hadi Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili, anajua thamani ya risasi aliyoibeba mwenyewe.

Ama bastola, vijana wanaoijua kwa filamu huiona ndiyo silaha ya shujaa. Wazee hawasemi hivyo. Bastola ni silaha ya karibu. Mkono ukitetemeka kidogo tu, risasi imepotea. Hupewa mtu ambaye kazi yake kubwa ni nyingine, kama kamanda mwenye ramani na simu ya upepo. Askari polisi, ambao Shule yao iko hapa hapa Moshi, nao wana hesabu yao, kwa kuwa anayefanya kazi katikati ya raia lazima afikiri risasi yake itaishia wapi.

Ubishi huu hauko kwetu peke yetu. Mwaka 1985 jeshi la Marekani lilipoiacha bastola ya Colt yenye risasi 7 kubwa na kuchukua Beretta yenye risasi 15 ndogo, askari wa zamani walinung'unika kwa miaka mingi. Mwaka 2017 Beretta nayo ikapata mrithi, na ubishi ukaanza upya.

Ndugu Mhariri, ukiwasikiliza wazee kwa makini utaona kuwa kila mmoja husifu silaha kwa kazi aliyopewa, na kila mmoja hutaja kuisafisha kabla ya kutaja kuifyatua. Vita ilipokwisha waliirudisha ghalani, wakarudi kwenye vihamba vyao na jembe. Silaha haikuwa mali yao, ilikuwa amana ya Taifa. Mafunzo hayo kijana hayapati kwenye filamu, na ndiyo anayoyahitaji wakati huu ambapo majambazi huiona bunduki kuwa njia ya mkato ya kupata mali.

Kwa hiyo naomba walimu wakuu wote wa wilaya zetu, kila ifikapo Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, wawaalike wazee hao shuleni wazungumze na wanafunzi wa madarasa ya juu, na mwalimu wa historia aandike. Jeshi lililovuka mpaka lilikuwa na mgambo wengi, watu wa vijijini kama sisi, ambao majina yao hayamo vitabuni. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 sasa amepita 60, na kila mwaka tunazika wengine.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Tuwaulize wangali nasi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kibosho, Moshi.