Mrabaha wa kitabu cha mtandaoni: ni pesa ngapi zinamfikia mwandishi?

Kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora, wapo wakazi wenye hadithi zilizokamilika ndani ya simu au kompyuta. Wengi wamesikia kwamba ukijichapisha kupitia Kindle Direct Publishing (KDP) ya Amazon, unalipwa asilimia 70 ya bei ya kitabu. Ni kweli, lakini kwa masharti. Yaelewe kabla ya kupanga bei, na hasa kabla ya kukopa pesa za kumlipa mhariri na mchoraji wa jalada.

Mrabaha ni nini?

Ni sehemu ya bei ya kila nakala inayouzwa ambayo hulipwa mwandishi. Anayechapishwa na kampuni kwa kawaida hupata karibu asilimia 10, kwa kuwa kampuni ndiyo hugharamia uhariri, uchapishaji na usambazaji. Ukijichapisha, gharama hizo ni zako. Ndiyo maana kiwango chako huwa cha juu.

Viwango viwili

KDP ina mrabaha wa asilimia 35 na wa asilimia 70. Ili kupata 70, bei ya kitabu iwe kati ya dola 2.99 na 9.99, na mnunuzi awe katika nchi zilizoorodheshwa, kama Marekani na Uingereza. Kenya haimo. Kwa hivyo msomaji wa Buruburu anakuletea asilimia 35, hata kama ulichagua 70.

Tena, kwenye asilimia 70 hukatwa gharama ya kutuma faili: senti 15 za dola kwa kila megabaiti katika duka la Marekani. Kitabu chenye picha nyingi hukatwa zaidi.

Tupige hesabu

Chukua riwaya ya dola 2.99, faili ya megabaiti moja, na tukadirie dola moja kuwa Sh130.

• Mnunuzi akiwa Kenya, unapata dola 1.05, yaani karibu Sh136.

• Akiwa Marekani, unapata dola 1.99. Kisha hukatwa kodi ya asilimia 30, kwa sababu Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Unabaki na dola 1.39, karibu Sh181.

• Ukishusha bei hadi dola 0.99, mnunuzi wa Kenya anakuletea Sh45 pekee.

Ikiwa ulitumia Sh20,000 kuandaa kitabu, utahitaji kuuza karibu nakala 150 hapa nchini kwa bei ya kwanza ili kurudisha pesa zako. Kwa bei ya chini, ni zaidi ya nakala 440.

Mambo ya kuzingatia

Malipo huchelewa. Mauzo ya Januari hulipwa mwishoni mwa Machi, kwa hivyo usiyategemee kwa kodi ya nyumba ya mwezi huu.

Soma masharti ya KDP Select. Ukijiunga, kwa siku 90 huruhusiwi kuuza kitabu hicho cha kielektroniki kwingine, hata kumtumia jirani faili kwa WhatsApp naye alipe kwa M-Pesa. Nakala za karatasi unaweza kuuza.

Mapato ya mrabaha hutangazwa kwa KRA katika ritani ya mwaka, kabla ya Juni 30 kupita.

Hakimiliki ni yako tangu unapoandika. Hata hivyo, kusajili kazi yako kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) hukupa ushahidi ukizuka mzozo.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapisha, jiulize: wasomaji wangu wako wapi, faili yangu ni kubwa kiasi gani, na nimetumia pesa ngapi? Majibu hayo, wala si asilimia 70 peke yake, ndiyo yatakayokuonyesha bei inayokufaa.