Diski inachomolewa, kompyuta haizimwi: Nini hufanyika ndani?

Kwenye steshenari za Bulyaga, mjini Tukuyu, flashi huchomekwa na kuchomolewa kutwa nzima. Mwalimu kaleta mtihani wa kuchapa, kijana kaleta barua ya kuombea kazi, na nyuma yao kuna foleni. Hakuna anayezima kompyuta kila mteja anapomaliza.

Watu wamelizoea jambo hilo. Lakini kwa diski ya ndani ya kompyuta, ile inayobeba mafaili yote ya ofisi, mambo hayakuwa hivyo kwa miaka mingi. Ukiichomoa mashine ikiwa imewaka, kompyuta iliganda, na ukiwa na bahati mbaya mafaili yaliharibika.

Leo seva za benki, hospitali na mitandao ya simu hubadilishiwa diski zikiwa zinaendelea kuhudumia watu. Mafundi huita kazi hiyo hotiswapu. Wengi hudhani siri yake ni plagi tu. Kumbe sehemu kubwa ya kazi hufanywa na programu.

Plagi ilitangulia

Kompyuta za zamani zilitumia waya mpana na bapa, maarufu kama IDE, ambao diski mbili ziliweza kugawana. Haukutengenezwa kwa ajili ya kuchomolewa umeme ukiwa unapita.

Teknolojia ya SATA iliyofuata ilibadilisha hilo. Kila diski ilipewa waya wake. Plagi ya data ina pini 7 na ya umeme ina pini 15, na baadhi ya pini ni ndefu kidogo kuliko nyingine. Pini za ethi hugusa kwanza wakati wa kuchomeka na huachia mwisho wakati wa kuchomoa, ili umeme usiunguze kifaa.

Programu ikabaki nyuma

Tatizo lilikuwa kwenye draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo endeshi kuongea na kifaa. Draiva nyingi za diski ziliandikwa zikiamini kwamba diski iliyoonekana mashine ikiwaka itakuwepo hadi mashine izimwe.

Mfano mzuri ni Linux, mfumo endeshi unaoendesha seva nyingi duniani na ambao kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android. Linux ilipata uwezo kamili wa kuchomeka na kuchomoa diski za SATA katika toleo la 2.6.18, lililotoka Septemba 2006. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na mwandishi wa programu Tejun Heo.

Kabla ya kuongeza uwezo huo, ilibidi kwanza asuke upya namna draiva inavyoshughulikia hitilafu. Kwa draiva, diski iliyochomolewa na diski iliyokufa ghafla zinafanana: zote zimeacha kujibu. Draiva isiyojua kupokea hitilafu vizuri haiwezi kufanya hotiswapu.

Draiva inafanya nini?

Kwanza, inapata taarifa. Mawasiliano kwenye waya yakikatika, chipu inayosimamia diski huishtua draiva papo hapo.

Pili, inasubiri kidogo. Plagi ikiingia, mguso hutetereka: unashika, unaachia, unashika tena. Linux huchungulia hali ya waya kila milisekunde 25, na huamini tu pale hali inapotulia kwa milisekunde 500, yaani nusu sekunde.

Tatu, inafuta kazi zilizokuwa njiani. Kwa mfumo wa kawaida wa SATA, diski moja inaweza kuwa na maagizo hadi 32 yanayosubiri majibu. Diski ikiondoka, draiva lazima iyarudishe yote na kusema "imeshindikana". Isipofanya hivyo, programu zitaendelea kusubiri jibu lisilokuja, na mtumiaji ataona kompyuta imeganda.

Nne, inaiondoa diski kwenye orodha, lakini kwa tahadhari. Kama kuna programu bado imeshikilia faili lililofunguliwa, draiva haiwezi kufuta kumbukumbu zake zote mara moja. Ikifanya hivyo, mfumo mzima unaweza kuanguka.

Kosa baya kuliko yote

Hatua ya tano ndiyo yenye hatari kubwa. Tuseme fundi amechomoa diski moja na kuchomeka nyingine haraka, ya kampuni ileile na ukubwa uleule. Mfumo endeshi bado una ramani ya diski ya kwanza kichwani: faili gani liko wapi, na nafasi ipi iko wazi.

Draiva ikidhani ni diski ileile imerudi, mfumo utaandika ramani ya zamani juu ya diski mpya. Mafaili yaliyomo yanaweza kuharibika bila onyo lolote kwenye skrini.

Ndiyo maana draiva ya Linux huiuliza diski jina la modeli na namba yake ya utambulisho, kisha hulinganisha na ilivyokuwa mwanzo. Zikitofautiana, ya zamani inahesabiwa imeondoka na iliyopo inaanza upya kama mgeni.

Kinachoshindikana

Hata draiva bora haiwezi kuokoa kitu ambacho hakijaandikwa. Mtu akibonyeza "hifadhi", mara nyingi data hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, kisha huandikwa kwenye diski baadaye kidogo. Diski ikichomolewa katikati, nusu ya faili inabaki nyuma.

Seva huvumilia kwa sababu data huwekwa kwenye diski zaidi ya moja. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi. Hata hapo, fundi akikosea akachomoa ile nzima badala ya iliyokufa, huduma inaweza kusimama na data kupotea. Kwa hiyo, kabla hajagusa chochote, fundi makini hulinganisha namba iliyobandikwa kwenye diski na ile inayoonyeshwa na mfumo.

Kwa flashi, Microsoft ilibadilisha mpangilio wa kawaida kuanzia Windows 10 toleo la 1809. Sasa flashi nyingi haziwekewi data ya kusubiri, hivyo zinaweza kuchomolewa bila kubonyeza kitufe cha kutoa salama. Lakini kama faili bado linanakiliwa, usichomoe.

Ya kuzingatia

Usijaribu kuchomoa diski ya ndani kwa sababu tu plagi yake ni ya SATA. Kwenye kompyuta nyingi za mezani, uwezo huo lazima uwashwe kwanza kwenye mipangilio ya BIOS. Na diski yenye mfumo endeshi wenyewe haichomolewi mashine ikiwa imewaka, isipokuwa kuna nyingine pacha yake.

Kwa diski ya nje, funga mafaili yote, bonyeza kitufe cha kutoa salama, usubiri ujumbe wa ruhusa. Ukiambiwa kifaa bado kinatumika, tafuta programu iliyokishikilia uifunge.

Kadi ya kumbukumbu ya simu nayo ni diski. Ingia kwenye mipangilio ya hifadhi, chagua kuiondoa, ndipo uitoe. Ni sekunde chache tu, na zinaweza kuokoa picha za msiba au harusi ambazo hazipigwi mara ya pili.