Je, Wajua? Oili Nyekundu ya Giaboksi Kisiwani Mvita

Je, wajua kuwa pikapu isiyovuka Nyali wala Makupa yaweza kuchosha oili ya giaboksi yake ya otomatiki haraka kuliko ile inayokwenda Voi na kurudi kila wiki? Kisiwa cha Mombasa kina ukubwa wa kilomita mraba 14 hivi, na gari linalosambaza bidhaa kati ya Shimanzi na Kizingo halitaandika kilomita nyingi kwa siku. Lakini saa ambazo limesimama foleni injini ikiunguruma, gia ikiwa kwenye D na mguu uko kwenye breki, dashibodi haizihesabu. Joto, mzigo, foleni na safari fupi ndivyo vitabu vya watengenezaji huviita matumizi magumu, na huagiza oili ibadilishwe mapema zaidi. Mtu wa kisiwani anayengoja kilomita 100,000 zitimie anajidanganya.

Je, wajua kinachoipasha moto oili hiyo? Si gia zenyewe. Kati ya injini na giaboksi kuna konvata, chombo cha mviringo kilichojaa oili, ndani yake magurudumu mawili yenye mapanga yakitazamana. Moja huzungushwa na injini na kuirusha oili, la pili huipokea na kulisukuma gari. Sasa fikiria mteremko wa Likoni. Pikapu imebeba saruji, imetoka kwenye feri na kukwama katikati ya kilima, na dereva anaizuia isirudi nyuma kwa kugusa mafuta badala ya kukanyaga breki. Gari halisogei, kwa hiyo nguvu yote inayoingia kwenye konvata inageuka joto ndani ya oili. Mafundi wana kanuni yao: oili ikishapita nyuzi 80, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu hivi. Breki iliwekwa kwa kazi hiyo, itumieni.

Je, wajua kuwa konvata ilizaliwa bandarini? Hermann Föttinger, mhandisi Mjerumani wa kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, aliisajili mwaka 1905. Shida yake haikuwa magari hata kidogo: injini za mvuke za aina ya tabini zilizunguka kasi mno kwa rafadha ya meli. Giaboksi za otomatiki za magari zilikuja baadaye sana. Giaboksi ya kwanza ya otomatiki kuuzwa kwa wingi, Hydra-Matic ya General Motors, ilitoka na Oldsmobile za mwaka 1940.

Na je, wajua kuwa oili za kwanza za giaboksi hizo zilitiwa mafuta ya nyangumi? Yalizisaidia klachi za ndani kushikana kwa ulaini na kuvumilia joto. Marekani ilipopitisha sheria za kuwalinda wanyama hao kuanzia mwaka 1970, watengenezaji wa oili walilazimika kutafuta kemikali mbadala. Watu wa Bandari ya Kale hawatashangaa sana, maana mbao za majahazi zimepakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, tangu zama za mababu.

Je, wajua kuwa wekundu wa oili ni rangi tu iliyotiwa kiwandani, isichanganywe na oili ya injini? Haikuambii lolote kuhusu ubora. Pua ndiyo shahidi: oili iliyoungua hunuka. Tone jekundu chini ya gari pia lisikutie presha kabla hujachungulia, kwa sababu pikapu nyingi za zamani hutumia oili hiyo hiyo kwenye pawa stiaringi. La kutia presha ni oili iliyogeuka pinki nzito kama falooda. Hapo kipoza oili kilicho ndani ya rejeta kimetoboka, na maji yameingia kwenye giaboksi. Zima gari papo hapo.

Je, wajua kuwa ukifungua nati ya kumwagia, oili haitoki yote? Hutoka theluthi, pengine nusu. Iliyobaki imejificha ndani ya konvata na kwenye mirija ya kipoza. Ndiyo maana fundi makini humwaga, akajaza, akakuachia gari uliendeshe, kisha akarudia. Anayekuambia amebadilisha yote kwa dakika 20 na kopo moja, mwangalie vizuri.

Filta nayo ina visa vyake. Ili kuifikia, sampu yote ya chini hushushwa, na hapo ndipo mambo huonekana. Ndani ya sampu mna sumaku ndogo. Fundi huichomoa, akaipangusa kwa kidole gumba na kukuonyesha. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyokwaruza ngozi ni habari nyingine, na hapo husikii tena bei ya oili, wasikia, "Ami, tuanze kutafuta giaboksi." Filta za Toyota nyingi ni wavu wa chuma unaooshwa na kurudishwa. Volkswagen Amarok ya gia nane, yenye giaboksi ya kampuni ya ZF, filta yake imeunganishwa na sampu ya plastiki, kwa hiyo vyote viwili hununuliwa pamoja. Boliti za sampu ni ndogo, na anayezikaza kwa nguvu za mabega huipinda sampu, oili ikaanza kuvuja kesho yake.

Je, wajua kuwa Hilux na D-Max, ambazo wenyewe hubishana juu yazo hadi kahawa ikapoa, giaboksi zao za gia sita zote ni za Aisin ya Japani? Usichukulie kwamba oili ni moja, fuata kitabu cha gari lako. Na anayekuapia kuwa Hilux yake ya mwaka 2012 ilitumika Japani, muulize vizuri. Toyota iliacha kuiuza huko mwaka 2004, ikairudisha 2017. Zilikuwa zikiundwa kwenye viwanda kama vya Thailand na Durban.

Je, wajua kuwa pikapu nyingi za sasa hazina dipstiki ya giaboksi? Kipimo ni nati ya pembeni. Injini ikiwaka, gari likiwa sawasawa, oili hujazwa hadi ianze kudondoka pale, nayo iwe kwenye joto lililotajwa kitabuni, nyuzi 35 hadi 45 kwa modeli kadhaa. Ikiwa moto zaidi huwa imetanuka, ikamwagika nyingi na giaboksi ikabaki na upungufu. Mombasa ya Februari, gari lililoanikwa juani kisha likaendeshwa hadi gereji limeshapita kipimo kabla spana haijatoka mfukoni. Lilaze hapo, lipimwe asubuhi.

Je, wajua kuwa ZF wenyewe hushauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka minane? Neno "haibadilishwi maisha" ni la wauza magari. Ule msemo wa gereji kwamba oili mpya huua giaboksi ya zamani nao nauona wa uvivu. Mara nyingi mgonjwa alishakuwa taabani alipoletwa.

Na oili chafu inayomwagwa ni taka hatari kwa kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, hata ikiwa ya pikapu moja. Mkondo wa Makupa ulishaonja: mwaka 1988 tangi lilitoboka na mafuta yakaua mikoko. Kabla fundi hajashusha sampu, muulize oili hiyo anaipeleka wapi.

Na je, wajua kuwa otomatiki ya siku hizi haiwaki kwa kusukumwa? Pampu ya oili huzungushwa na injini. Injini ikizima, hakuna presha wala kilainishi, kwa hiyo hata kuivuta ikizungusha magurudumu yanayoendeshwa na giaboksi ni kuisaga. Mombasa hii ilizoea kusukuma, mwanzoni mwa karne ya 20 wakubwa walipanda toroli za reli zilizosukumwa na watu. Ukizimikiwa Likoni vijana watakusukuma vilevile, na pesa yao watadai.